Mchango na Hesabu Yake

Wilaya ya Kilosa i katika Mkoa wa Morogoro. Mji wa Kilosa wenyewe umekaa kando ya Mto Mkondoa, nao ni mji wa reli tangu zamani, maana reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita hapo kabla ya kufika Kigoma mwaka 1914. Upande wa kusini uko Mikumi, mji wa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani ya hifadhi ya wanyama iliyowekwa na serikali mwaka 1964. Wenyeji wa nchi hii ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Tena wamo Wamasai wa Kiparakuyo pamoja na ng'ombe wao, na wana wa watu wengi waliokuja kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, wasirudi tena kwao.

Mto Mkondoa ukiwa mdogo ni rafiki wa kila mkulima. Ukijaa hauna rafiki. Mwishoni mwa Desemba mwaka 2009 mvua kubwa ilinyesha, mto ukavunja kingo zake ukaingia mjini. Nyumba za udongo ziliyeyuka kama chumvi, reli ikakatika, na maelfu ya watu wakauanza mwaka 2010 wakiwa hawana nyumba, wengi wao wakilala katika mahema. Serikali ilileta msaada, na Chama cha Msalaba Mwekundu kikaleta msaada.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Blanketi lililofunika mtoto wa Kilosa usiku ule halikununuliwa usiku ule. Lilinunuliwa mbele, likakunjwa, likawekwa ghalani, kwa fedha za watu ambao hawakujua kama mto utakaofurika ni Mkondoa au mto mwingine. Aliyetoa shilingi yake hakumwona mtoto. Naye mtoto hakumjua aliyetoa. Kati ya hao wawili palikuwa na chama, na chama hicho kilikuwa na daftari.

Chama cha namna hii huitwa chama cha hisani, yaani shirika lisilotafuta faida. Si kwamba hakiruhusiwi kuwa na fedha. Kisipokuwa nazo hakifanyi kazi yo yote. Tofauti yake na duka ni hii: mwisho wa mwaka, mwenye duka huchukua faida akaenda nayo nyumbani, lakini katika chama cha hisani hakuna mwenye kuchukua. Kilichobaki chabaki kwa ajili ya kazi ile ile. Katika Tanzania iko sheria ya mashirika hayo, iliyotungwa mwaka 2002, nayo yayataka yaandikishwe na kupeleka taarifa ya kazi na fedha zao kila mwaka.

Wazee wa kale walisaidiana bila ya sheria hiyo na bila ya fedha. Mtu akitaka kujenga, aliwaita jirani zake. Wengine walikata miti, wengine walileta nyasi, wanawake walichota maji na kupika, na jioni nyumba ilisimama. Hiyo ndiyo kazi ya ujima, nayo haijafa. Hata leo watu wa kijiji wakitaka darasa, wao wenyewe husomba mawe na mchanga na kufyatua matofali. Lakini saruji haichotwi mtoni, wala bati halioti msituni. Vitu hivyo vyataka shilingi, na shilingi ya mtu mmoja haitoshi.

Mfano mzuri uko katika milima ya Ukaguru, upande wa kaskazini wa wilaya. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walikuja Mamboya karibu na mwaka 1880, na baada ya miaka mingi, huko Berega, si mbali na Mamboya, kanisa likawa na hospitali. Karibu na hospitali pakawa na nyumba ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi ya akili sana. Mtoto hakuletwa peke yake. Aliletwa pamoja na msichana wa ukoo wake, dada au binamu au shangazi mdogo, akakaa naye huko akimlea na kujifunza malezi. Mtoto alipokwisha kupata nguvu na kula chakula cha watu wazima, yeye na msichana wake walirudi nyumbani. Hivyo hakupotewa na ukoo wake, wala ukoo haukumsahau.

Sasa fikirini mahitaji ya nyumba kama hiyo. Mtu mwema akileta gunia la mahindi, wasichana watakula na kushukuru. Lakini mtoto wa juma moja hawezi kula ugali. Yeye ataka maziwa yake, nayo hununuliwa dukani kwa makopo. Tuseme kopo moja ni shilingi 20,000, na mtoto mmoja humaliza makopo 6 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 120,000. Watoto wakiwa 10, ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi mmoja, na mwezi wa pili waja nyuma yake. Mtoto hangoji mavuno. Ndiyo sababu watu wenye nia njema wapaswa kujua namna ya kugeuza mahindi, kuku, nyimbo na nguvu za mikono kuwa fedha.

Namna iliyo ya kawaida katika makanisa ya nchi hii ni mnada wa sikukuu ya mavuno. Baada ya mashamba kuvunwa, kila nyumba huleta sehemu ya ilichopata: huyu debe la mpunga, huyu mkungu wa ndizi, huyu mayai sita katika kikapu, na mjane mmoja boga. Vitu hupangwa mbele ya kanisa, na ibada ikiisha, mtu mwenye sauti na mzaha husimama akaanza kunadi.

Aliyekuwapo katika mnada huo aujua uzuri wake. Mwenye kunadi huinua jogoo mwekundu, amemshika miguu, akauliza, “Nani ampa huyu nyumba?” Mmoja asema elfu tano, mwingine elfu nane, na mzee wa kanisa amalizia kwa elfu kumi na mbili. Watu hupiga makofi, wakidhani jogoo amekwenda. Lakini mzee asema, “Nimemnunua, nami namrudisha mezani.” Basi jogoo hunadiwa tena. Akina mama huchangiana palepale, wakifungua vifundo vya kanga zao, wakamchukua kwa elfu kumi na tano; nao pia wamrudisha. Mara ya tatu dereva wa lori aliyesimama Mikumi kwa ajili ya ibada tu ainua mkono kwa elfu ishirini, akaondoka naye. Sokoni jogoo yule angaliuzwa mara moja kwa elfu kumi na mbili. Hapa ametoa elfu arobaini na saba, na watu watatu wamefurahi kwa ajili yake. Na aliyemleta, ambaye labda hakuwa na shilingi mia mfukoni, aliona zawadi yake ikizaa mara tatu mbele ya macho yake.

Mnada huu una hekima nyingine isiyoonekana upesi. Aliye na mayai tu huleta mayai, wala haoni haya, maana yatanunuliwa na mwenye fedha. Tena watu wote husikia kila bei ikitajwa kwa sauti, na karani huandika hapohapo. Hesabu hufanywa na mkutano mzima.

Namna ya pili ni tamasha la ngoma, kwaya au mchezo wa kuigiza. Katika Kilosa, penye watu wa makabila mengi, uwanja mmoja waweza kuwa na ngoma za milimani na za bondeni kwa siku moja, na kila kundi huja na watazamaji wake. Lakini tamasha lina mtego. Ngoma ya kijijini huchezwa uwanjani bila ya gharama. Tamasha la kiingilio lataka uzio, tiketi, mitambo ya sauti, chakula cha wachezaji na nauli zao. Watu wakikusanya shilingi 300,000 mlangoni, na gharama zilikuwa shilingi 260,000, kazi ya hisani imepata shilingi 40,000 tu, ijapokuwa vumbi lilipanda mpaka mawinguni. Hata tamasha kubwa hupatwa na hayo. Unguja liko tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 2004, na wageni hulijia kutoka nchi nyingi. Hata hivyo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi mwaka 2017. Basi kabla ya kupiga ngoma, ni vizuri kupiga hesabu.

Namna ya tatu ni bora kuliko zote, ingawa ni ngumu kuliko zote: ni kujenga mahali ambapo kazi ya mikono yenyewe hulisha hisani mwaka mzima. Msafiri akitoka Mikumi kwa barabara kuu, akapita Ruaha Mbuyuni na kupanda mlima wa Kitonga, hufika Iringa. Huko, mwaka 2003, Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha lilianzisha karakana iitwayo Neema Crafts kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ilianza na vijana viziwi watatu, baadaye ikapata wafanyakazi zaidi ya mia moja.

Na kazi yao ya kwanza ilikuwa nini? Ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo! Wanafunzi wengi watacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekwa. Tembo hula majani, magome na matawi kwa wingi, na tumbo lake halisagi vyote. Hivyo mavi yake yamejaa nyuzi. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa sana mpaka uchafu na harufu vimekwisha, hupondwa, huchanganywa na karatasi kuukuu iliyolowekwa, kisha rojo lake hutandazwa juu ya wavu na kuanikwa. Likikauka ni karatasi nene yenye sura ya kupendeza, nayo hufaa kwa kadi na vitabu vya picha. Kitu ambacho mtu wa Mikumi hukikanyaga njiani asikitazame mara mbili kimekuwa mshahara wa mtu aliyedhaniwa kuwa hawezi kitu.

Karakana ikaongeza ufumaji, ushonaji na kazi za shanga, kisha ikafungua mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Hapo mambo yaligeuka: mgeni asiyejua lugha ya ishara ndiye aliyekuwa bubu, akalazimika kuandika atakacho au kujifunza ishara mbili tatu kabla ya kunywa kahawa yake. Watu waliingia kwa njaa wakatoka wamefundishwa. Mchango wa namna hii hauna aibu kwa atoaye wala kwa apokeaye, maana kila mmoja ameondoka na kitu mkononi.

Lakini wingi wa fedha si mwisho wa habari. Nchini Kenya neno harambee, lililokuwa neno la kuvutia mzigo pamoja, lilifanywa kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na kwa michango hiyo watu walijenga shule nyingi sana. Hata kabla ya hapo Wakikuyu walikuwa wamekwisha kuonyesha njia: chuo cha walimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939, kilijengwa kwa michango ya marika, kila rika likishindana na jingine, na wanawake wakachangia bweni la wasichana. Mashindano hayo yalikuwa ya kujenga. Baada ya uhuru ukaingia ugonjwa. Wakubwa walianza kuja na bahasha nono ili majina yao yatangazwe, na walio chini yao wakatozwa kwa nguvu ili bahasha zijae. Mwisho wake, sheria ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi wa umma wa Kenya kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Neno zuri lilikuwa limechafuliwa, si na maskini waliotoa shilingi moja moja, bali na waliotoa nyingi mbele ya watu na kuzirudisha kwa njia nyingine.

Na hapa kwetu je? Mwenye kupita katika vijiji vya Tanzania huona mara kwa mara kuta za matofali zilizosimama bila ya paa, nyasi zimeota ndani. Watu huziita boma. Desturi ni kwamba wananchi wajenge boma la darasa au la zahanati, kisha serikali isaidie kumaliza. Mara nyingi boma hukaa kwa sababu msaada umechelewa, na hilo si kosa la wanakijiji. Lakini mara nyingine boma hukaa kwa sababu fedha za bati zilikusanywa na hazionekani, na hakuna mtu aliyeandika. Mwaka ufuatao mwenyekiti akiita mchango, watu hutazamana. Hawakatai kwa uchoyo. Wanakataa kwa kumbukumbu. Na wakati wanatazamana, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa kwa baiskeli au pikipiki kwenda hospitali ya mbali, akipita mbele ya zahanati isiyo na paa.

Dawa yake imejaribiwa katika wilaya hii hii. Mwaka 2009 Shirika la Hifadhi ya Misitu ya Asili Tanzania, pamoja na MJUMITA, mtandao wa vijiji vyenye kutunza misitu, walianza mradi wa misitu katika vijiji vya Kilosa, nao ulikwisha mwaka 2014. Vijiji vilivyotunza misitu yao vililipwa fedha za majaribio. Wengine wangalimkabidhi mwenyekiti furushi la noti. Wao walifanya vingine: mkutano wa kijiji uliamua kwanza sehemu ya kutengwa kwa kazi za wote, kisha iliyobaki ikagawiwa mbele ya macho ya watu, kila mtu kwa jina lake, na mama wakapokea fungu la watoto wao. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakujua zilikuwa ngapi.

Tangu mwaka 2012 vijiji kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni viliingia katika mpango mwingine, wa kuchoma mkaa kwa kiasi. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji hutengwa kwa mkaa, nayo hukatwa kwa vipande, kipande hiki mwaka huu na kile mwaka ujao, visiki vikiachwa vichipue, hata kipande cha kwanza kikipumzika miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Ushuru wa mkaa hulipwa kwa kijiji, na mkutano mkuu huamua matumizi yake. Kwa ushuru huo vijiji vilijenga madarasa na kufanya kazi nyingine za wote. Mkaa, uliokuwa ukimaliza misitu na kumnufaisha mchuuzi wa mjini, ulianza kulipa saruji ya shule.

Kuweka hesabu si elimu ya juu; mwanafunzi wa darasa la sita aiweza. Daftari lina pande mbili, mapato na matumizi. Kila shilingi iingiayo huandikwa pamoja na tarehe na jina la mtoaji, na mtoaji hupewa stakabadhi. Kila itokayo huandikwa pamoja na kitu kilichonunuliwa, na stakabadhi ya duka hubandikwa. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika. Pasipo na benki karibu, sanduku huwa na kufuli mbili, na funguo zake kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kijiji kina mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Hapo daftari husomwa kwa sauti, hata yule asiyejua kusoma asikie.

Wengine huona kwamba kumdai hesabu mtu wa Mungu ni kumvunjia heshima. Lakini Mtume Paulo alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuuchukua peke yake. Katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho yeye aeleza kwamba aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu ye yote asipate neno la kumlaumu juu ya fedha ile nyingi. Hakungoja mpaka ashukiwe.

MASWALI

1. Kwa nini gunia la mahindi peke yake halitoshi kumsaidia mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake?

2. Jogoo aliuzwa mara tatu, kwa shilingi 12,000, na 15,000, na 20,000. Fedha hizo zatosha kununua makopo mangapi ya maziwa kwa bei ya shilingi 20,000, na zabaki ngapi?

3. Tamasha la shule lilipata shilingi 450,000 mlangoni. Mitambo ya sauti ilikuwa shilingi 150,000, chakula 95,000, nauli 60,000 na tiketi 15,000. Andika hesabu hiyo katika pande mbili za daftari, uonyeshe kilichobaki.

4. Eleza tofauti ya mashindano ya marika ya Githunguri na bahasha za wakubwa wa baadaye.

5. Je, katika kijiji chako liko boma lisilo na paa? Waulize wazee lilianza mwaka gani, nani alichangia, na daftari lake li wapi. Andika majibu yao.